Kifafa na Kiwiko

Benchi la kliniki ya kifafa nalijua kwa makalio. Ubao wa tatu kutoka ukutani umepasuka na unafinya. Ukiketi pale utaruka, na walio karibu nawe watasogea upesi, wakidhani umeanza. Nayaandika haya kwa ajili yako wewe uliyeketi pale leo mara ya kwanza, kadi mkononi, kofia umeivuta mpaka puani ili mtu wa mtaa wenu asikutambue. Usijisumbue. Watakutambua tu.

Sitakueleza kifafa ni nini. Daktari yupo, ana picha ya ubongo ukutani, muulize yeye. Mimi nitakusimulia yaliyonipata, halafu nitakusimulia nililolifanya. Nilikaa zaidi ya mwaka mzima nikijifanya kwamba hayo ni jambo moja.

Nimekulia mtaa wa Ziwani. Kwetu ni magharibi, upande wa mlimani, lakini baba alikuja mjini kufanya kazi ya kupiga chapa na sisi wote tukazaliwa papa hapa. Nilipofika miaka kumi na sita nilikuwa tayari nainama mlangoni. Miaka ile ya sabini viwanda vya Industrial Area vilikuwa na timu za mpira wa kikapu, na mtu mrefu hakutafuta kazi, kazi ilimtafuta yeye. Mimi niliandikwa karani wa stoo. Kalamu niliyopewa ilikaa mwaka mzima bila kuisha wino. Saa nane mchana naondoka kwenda mazoezi, na meneja mwenyewe ananifungulia geti akiniuliza, "Jumamosi tunashinda?" Huko ndiko kulipwa kwa kucheza tulikokujua sisi.

Jina langu la uwanjani lilikuwa Nyundo. Usidhani ni kwa sababu ya kufunga. Mpira ukigonga ringi na kurudi, kila mtu anatazama juu, refarii naye anatazama juu. Mimi nilitazama mbavu za jirani yangu. Kiwiko cha kulia, kifupi, kinatoka na kurudi kabla hujakiona, na mtu anakaa chini akitafuta pumzi huku mimi nina mpira mkononi. Nilivunja mbavu, nilivunja pua. Wakati mwingine nililenga taya, chini kidogo ya sikio, na hapo mtu analala mara moja. Watu wa Pumwani, Kaloleni na Makongeni walikuja kuona hicho tu. "Nyundo! Gonga!" Walipanda juu ya mabenchi.

Mmoja wao alikuwa Selina, msichana aliyefuma masweta kwa mashine karibu na Kariokor. Alikuwa anapiga makofi mpaka kitambaa kinamtoka kichwani. Ndivyo tulivyopendana, sina haja ya kuficha. Tukaoana, tukapata binti, Nekesa, na mimi nikawa Baba Nekesa nyumbani na Nyundo uwanjani.

Jamaa mmoja niliyemvunja pua alinisubiri msimu mzima. Tulipokutana tena niliruka kuchukua mpira na yeye akanikata miguu nikiwa hewani. Uwanja ulikuwa wa saruji, na mlingoti wa kikapu ulikuwa na kitako cha chuma. Nilikipiga kwa kisogo. Walioketi mbali walisikia. Niliinuka, nikatapika pembeni mwa mstari, nikajimwagia maji, kisha nikaenda kumtafuta. Nilimpiga mpaka watu wanne wakanishika. Tulishinda mechi ile na mashabiki wakanibeba mabegani mpaka Ziwani, mimi nikiona kila mtu mara mbili.

Kifafa kilikuja baridi ya Julai, miezi michache baadaye, tukiwa tunapasha moto mwili kabla ya mazoezi. Nakumbuka ladha ya chuma mdomoni. Halafu nikajikuta chali, kepteni wetu Odera amenikalia kifuani na raba yake imo puani mwangu, kwa kuwa walisikia harufu ya kiatu humrudisha mtu. Mdomo umejaa damu. Walikuwa wamenitia kijiko cha chuma kati ya meno, na taya zilipokaza, meno mawili ya mbele yakaenda na kijiko.

"Tumekuokoa, mse," Odera akasema. "Ungeumeza ulimi."

"Na meno yangu?"

"Wacha meno wewe! Si uko hai?"

Ndugu yangu wa benchi, waambie watu wako leo hii: kijiko hapana, kiatu hapana, kukaliwa hapana. Wakugeuze ubavu, waondoe vitu vigumu karibu nawe, wangoje. Mbavu zilizopigwa na Odera kwa makalio zilinisumbua mwezi mzima, na yeye ananipenda.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Tulikuwa na chumba kimoja, bomba la maji tukilitumia na nyumba nyingine. Majirani waliona mara ya kwanza, na mara ya pili wakaanza kusuuza mdomo wa bomba baada yangu. Waliamini mtu wa kifafa akitoa hewa akiwa chini, anayemgusa anaupata. Watu wazima, wenye kazi zao na suti za kanisani! Nilitaka kuwapiga mmoja mmoja. Nilikuwa mtu wa kutaka kupiga, sikuwa na namna nyingine ya kujibu jambo.

Asubuhi moja Selina alikuwa bombani, Nekesa yuko naye, mimi nakoroga uji. Nikaangukia jiko. Nilizinduka nikasikia harufu ya nyama ikichomeka, nikajiuliza ni nani amechinja. Ulikuwa mkono wangu wa kushoto. Mlangoni walikuwepo watu kama kumi, wanapiga kelele, "Woi! Woi! Msimguse!" Hakuna aliyeingia.

Aliyeingia alikuwa Bi Zuhura, mama mmoja mfupi wa Majengo aliyekuja kila asubuhi kutuuzia mahamri. Aliweka kikapu chake chini, akawasukuma wale watu, akanivuta miguu kunitoa kwenye makaa huku akiwatukana. "Mwanadamu anaungua nanyi mwatazama! Hamna haya?" Uzito wangu ulikuwa mara mbili ya wake. Sijui alinivutaje.

Nilikaa wodini msimu wote wa mvua fupi. Kila asubuhi muuguzi tuliyemwita Sista alikuja na kitoroli kubadilisha bandeji iliyoshikana na nyama. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, na kwa lugha ya Industrial Area ambayo haina jina.

"Tukana, bwana," akasema. "Wewe tukana, mimi navuta." Na akavuta.

Ni huyo Sista aliyenipa vidonge vya kwanza, vyeupe, vidogo. Alinishika kidevu kama mtoto. "Kila siku. Si siku unayojisikia. Ukiviacha ghafla kitarudi kikiwa na hasira kuliko wewe."

Nilivimeza na vilifanya kazi. Lakini vilinitia usingizi. Mpira uliniponyoka, miguu ilichelewa nusu hatua, vijana wakanipita nikiwa nimesimama. Meneja aliacha kunifungulia geti. Siku moja aliniambia kwa upole kwamba stoo inahitaji karani anayejua kuandika. Nilielewa. Basi nikabuni mpango wangu wa kijinga: siku za kucheza sinywi. Ijumaa na Jumamosi naweka kidonge chini ya ulimi, Selina akigeuka nakitema, nakificha ndani ya raba kuukuu chini ya kitanda.

Jumamosi nilicheza kama Nyundo wa zamani. Jumapili nilianguka kanisani, nilianguka chooni, nilianguka barabarani. Na nikizinduka sikuwa nakuja kwa amani. Nilirusha mikono, nilisukuma, nilitoka nje nikatembea mpaka barabara kuu bila kujua ni wapi, watu wananirudisha. Mara moja Selina aliinama kunifuta povu na mkono wangu ukamgonga mdomo, ukavimba. Kaka yake, Barasa, mchomelea vyuma aliyekaa Makongeni, alipouona akataka kujua.

"Ni ugonjwa, kaka," Selina akamwambia. "Hata macho yake hayanioni. Hajui."

Alinitetea hivyo kwa kila mtu, bombani, sokoni, kanisani. Alisema mpaka mtaa mzima ukajua kulisema: Nyundo akimgonga mtu, si yeye, ni kifafa.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Lakini niliahidi.

Ilikuwa Jumamosi, mvua ndefu zimeanza, asubuhi, na mchana tulikuwa na mechi ambayo meneja alisema ndiyo itakayoamua kama nitabaki. Selina alikuwa anafagia chini ya kitanda. Alivuta ile raba, akaitingisha, vidonge vikamwagika sakafuni. Vilikuwa vingi. Vingine vilikuwa vimeyeyuka na kushikamana na soli.

Hakupiga kelele. Aliviokota vyote, akaviweka kwenye kisahani, akasimama mlangoni, amekishika.

"Baba Nekesa, kumbe ndiyo haya? Mimi nawaambia watu ni ugonjwa, kumbe unauita mwenyewe?"

"Nipishe."

"Sikupishi. Meza kimoja mbele yangu, halafu ulale. Leo huendi popote."

"Selina, nipishe. Wananingoja."

"Wakungoje. Sisi tumekungoja vya kutosha."

Nekesa alikuwa kitandani anakula mkate. Alikuwa na miaka mitatu.

Sikuwa nimeanguka. Sikuwa na ile ladha ya chuma. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekunywa chai, nilikuwa na fahamu zangu zote kama nilizonazo sasa nikiandika. Nilimtazama mke wangu machoni, nikavuta bega, nikampa kiwiko cha kulia chini ya sikio, pale pale. Kilitoka na kurudi. Kisahani kikavunjika kwanza, halafu yeye akagonga chuma cha kitanda na kukaa chini, taya imehama upande, na damu ikaanza kushuka kwenye blauzi. Nekesa hakulia. Alishika mkate wake kwa mikono miwili akanitazama.

Ningependa kukuambia kwamba nilipiga magoti. Nilichukua mfuko wangu, nikamruka, nikaenda kwenye mechi.

Na nilicheza vizuri! Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Nusu ya kwanza watu walikuwa wamesimama. Nusu ya pili nikasikia ladha ya chuma, na nilipozinduka ilikuwa Jumapili, nimelazwa, Odera ameketi pembeni na kofia mikononi.

"Pole sana, mse," akasema. "Mkeo naye amelazwa, wodi ya wanawake. Taya. Bi Zuhura ndiye aliyemkuta. Wanasema kilikushika nyumbani asubuhi, ukampiga bila kujua, ukatoka vile vile na mfuko wako kama unavyotokaga. Usijilaumu. Si wewe."

Nilitazama dari. Nikasema, "Aah."

Basi. "Aah." Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi yangu na hivyo ndivyo nilivyoitumia.

Selina alifungwa taya kwa waya kwa wiki sita. Alikunywa uji kwa mrija. Hakuweza kusema, lakini alipewa daftari na penseli, na nilikuwa na hofu na lile daftari kuliko nilivyowahi kuogopa mtu yeyote. Aliandika ahitajiapo maji. Aliandika Nekesa avalishwe sweta. Juu yangu hakuandika neno. Nilienda kumwona mara moja, akageuza uso ukutani, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia, "Muelewe, baba, bado ana uchungu. Anajua si wewe."

Barasa alimchukua dada yake pamoja na mtoto kuwapeleka Makongeni. Alikuja kwangu kuchukua nguo zao. Ni mtu mpana, mikono imejaa makovu ya cheche. Alinishika shati akanibandika ukutani, ngumi ikiwa juu.

"Shukuru Mungu, shemeji," akasema. "Shukuru kabisa. Ungekuwa mzima ningekuua leo."

Akashusha ile ngumi. Nimepigwa mara nyingi maishani, lakini ngumi ile ambayo haikunipiga ndiyo niliyoisikia miezi yote iliyofuata.

Kiwandani walinipa barua. Timu ilinipa jezi yangu, imekunjwa. Nikabaki na chumba, kitanda cha chuma, na vidonge. Nikaanza kuvimeza. Kila siku, hata siku nisiyojisikia. Nilipata kibarua cha kupakua magunia, na nilipomwambia msimamizi kuhusu kifafa alinipa kazi ya chini, mbali na mashine, akasema mengine hayamhusu. Bi Zuhura aliniachia mahamri mawili dirishani kila asubuhi bila kubisha. Sikuwa na uwezo wa kumtazama usoni. Alikuwa anamlisha mtu ambaye hakumjua.

Kliniki ilikuwa kila mwezi. Baridi ya Julai ikaja, sikuanguka. Mijakaranda ikachanua kule njia ya mjini, nikaanguka mara moja, kidogo, kitandani. Mvua fupi, sikuanguka. Krismasi nikala peke yangu, sikuanguka. Ulimi ukazoea pengo la meno. Mkono wa kushoto ukakunjika mpaka nusu, ukakataa hapo.

Mwezi mmoja, mvua ndefu zimerudi, niliketi karibu na mama mmoja wa makamo kutoka Mukuru kwa Njenga. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, uso wake wote upande mmoja ulikuwa umeungua. Alipenda kuongea. Akaniuliza nyumbani niko na nani. Nikamwambia ile hadithi ya mtaa: nilishikwa, nikampiga mke bila kujua, nikamvunja taya, kaka yake akamchukua.

"Pole," akasema. "Ulimpiga kwa kitu gani? Kichwa?"

"Kiwiko."

"Ukiwa umelala chini?"

"Nilikuwa... nimesimama."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Akanitazama kwa lile jicho lake zima, polepole, kuanzia raba mpaka kichwa. "Mimi nimeanguka miaka thelathini," akasema. "Nimepiga kuta, nimepiga sufuria, nimempiga mbuzi wa watu. Sijawahi kumpata mtu vizuri namna hiyo."

Kisha akachukua kikapu chake, akahamia upande wa pili wa benchi. Nilikuwa nimezoea wenye afya wanihepe. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mwenye kifafa kunihepa, na hakuwa anahepa kifafa.

Wiki chache baadaye Barasa alituma neno. Watu wa kwetu hapa mjini hukutana Jumapili, zamu kwa zamu, nyumba ya mmoja wao, kuzungumza misiba na ndoa. Jumapili hiyo ilikuwa nyumbani kwake Makongeni, na jambo lililokuwa mezani lilikuwa letu.

Kwetu, kikao cha namna hiyo kikiitwa, ujue mambo yamekwisha kupikwa. Mwanamume aliyempiga mkewe mpaka akavunjika hatarudishiwa mke bila kushtakiwa mbele ya wote, kuulizwa, kuaibishwa. Lakini mgonjwa haulizwi. Mgonjwa anapewa chai, mzee wa kikao anasema ugonjwa hauna mwenyewe, shemeji anakubali, mgonjwa anakunywa, mke anafunga mzigo. Kunywa ile chai ndiyo kukubali kwamba maneno yamefungwa, hayatafunguliwa tena na mtu yeyote. Nilichotakiwa kufanya ni kumeza tu. Mambo ya kumeza nilikuwa nimefuzu.

Chumba kilijaa. Selina alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na pazia, Nekesa amemwegemea. Nilikuwa sijamwona kwa zaidi ya mwaka. Taya ilikuwa imepona kwa upande, mdomo unakunja kidogo anapofumba. Hakunitazama. Nekesa alinitazama. Alikuwa amerefuka.

Mzee wa kikao alisema yake, vizuri, kwa kifupi. Akamalizia, "Kijana ametumia dawa, mwaka mzima tumesikia anaendelea vyema. Aliyempiga binti yetu hayumo humu ndani. Aliyempiga ni ugonjwa. Shemeji, unasemaje?"

"Nimekubali," Barasa akasema, ingawa hakusema kwa moyo.

Chai ikaletwa. Kikombe kikawekwa mkononi mwangu, moto, maziwa mengi. Watu wakaanza kutabasamu. Bi Zuhura alikuwepo pia, alialikwa kwa kuwa ndiye aliyemkuta Selina, ameketi mkekani, ananitikisia kichwa kwamba kunywa, mwanangu, yamekwisha.

Nilikileta kikombe mpaka mdomoni. Nilimtaka mke wangu. Nilimtaka mtoto wangu. Usidhani mimi ni mtu mwema, niliinusa ile chai nikaona chumba changu kina watu tena.

Nikakiweka chini.

"Nilikuwa na fahamu zangu," nikasema.

Mzee akasema, "Eti?"

"Sikuwa nimeshikwa. Siku ile. Alisimama mlangoni, akanizuia kwenda kucheza, nikampiga. Nilimwona. Nililenga. Nilisema uongo. Hata sikusema, niliwaacha ninyi mseme."

Barasa akaja. Aliruka meza, na ile ngumi aliyoishusha mwaka uliopita ikanifikia, na iliyofuata, na nyingine. Nilianguka juu ya vikombe, chai ikaniunguza shingo. Alinipiga mbavu kwa kiatu. Sikuinua mkono. Nilisikia wanawake wakipiga kelele na mzee akisema wacha, wacha, utamuua, ni mgonjwa, na Barasa akijibu kwa kilio, "Si mgonjwa! Si mgonjwa huyu!" Na ukweli ni kwamba nilishukuru. Lilikuwa pigo la kwanza kwa muda mrefu lililonijua jina.

"Barasa. Mwache."

Alikuwa Selina. Kaka yake akasimama, anahema.

Selina alikuja akasimama juu yangu. Maneno yake yalitoka kwa upande wa mdomo, polepole, kwa sababu ndivyo taya yake inavyoruhusu sasa.

"Ulidhani sijui?" akasema. "Kile kiwiko nakijua. Bega linapanda kwanza. Nilikipigia makofi miaka minne, nikipanda juu ya benchi. Nilipoliona bega nilijua."

"Kwa nini hukuandika?" nikamuuliza kutoka pale chini. "Ulikuwa na daftari."

"Niandike nini? Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilijiambia, akinywa hii chai nitafunga mzigo, nitarudi Ziwani, nitampikia, na sitamsemesha tena mpaka nife." Akanionyesha mlango. "Sasa nenda zako. Leo sirudi."

Bi Zuhura aliinuka mkekani. Alinifuta damu kwa ncha ya leso yake, na kwa mara ya kwanza hakuniita mwanangu.

Nilifika mlangoni Selina akaita. "Kliniki unaenda lini?"

"Jumatano ya kwanza. Kila mwezi."

"Basi ukitoka huko pitia hapa. Kila mwezi. Uketi pale nje, uniambie tena ulichofanya. Si siku unayojisikia."

Nilifanya hivyo. Niliketi kwenye ngazi ya nyumba ya Barasa, yeye akipita ananiruka bila salamu, nikamwambia mke wangu nilichofanya. Mara ya kwanza nilieleza sana. Mechi, meneja, mvua. Akaingia ndani nikiwa katikati ya sentensi. Mara ya tano nilikuwa nasema maneno machache tu na yote yalikuwa juu yangu. Mijakaranda ilipochanua tena alitoka na mzigo wake kichwani na Nekesa mkononi, tukatembea mpaka Ziwani, yeye mbele.

Hayo yamepita miaka. Vidonge nameza. Nikianguka, na ni mara chache sana, Selina ananigeuza ubavu, anasogeza stuli, halafu anaketi mlangoni kwa mbali mpaka macho yangu yamtambue. Jumamosi nawafundisha wasichana kucheza kwenye uwanja ule ule wa saruji. Nekesa yumo, ana urefu wangu. Anayetoa kiwiko namtoa nje, na akilia nampeleka nyumbani kwa mama yake nikamweleze kwa nini.

Kuna jambo moja halina kidonge, na kwa sababu nilisema nitakusimulia nililolifanya, nitakusimulia. Rafu yetu ya vikombe vya chai ilikuwa juu ukutani, niliipigilia mimi tulipooana, kwa urefu wangu. Selina aliporudi, kila nilipoinua mkono wa kulia kuchukua kikombe, bega likapanda, yeye akageuza uso na kufunika taya kwa kiganja. Hakujijua. Anaweza kuwa anacheka, anasimulia habari za kanisani, mkono wangu ukiinuka tu, kiganja kinaenda. Nilidhani kitaisha. Miezi ikapita, misimu ikapita.

Basi asubuhi moja nilichukua nyundo, nikang'oa misumari, nikaishusha rafu mpaka usawa wa kiuno. Alikuwa anakuna nazi. Aliniangalia mpaka nikamaliza.

"Nani atainama hivyo kila siku," akasema, "na urefu wako huo?"

"Mimi," nikasema.

Nainama mpaka leo.